Paneli Imepotea Baada ya Kuunganisha Skrini ya Pili? Irudishe Hivi (Linux, Xfce)

Karibuni watazamaji. Leo tunashughulikia kompyuta ya Linux yenye skrini mbili ambayo paneli yake, yaani ule ukanda wenye menyu, saa na vitufe vya madirisha, imetoweka au imekimbilia skrini usiyoitaka. Mimi natumia Linux Mint ya Xfce, yaani Linux yenye mazingira ya eneo-kazi yaitwayo Xfce, ambayo ndiyo yanayosimamia paneli. Mnaotumia Xubuntu, toleo lingine la Linux, mnaweza kunifuata hatua kwa hatua, maana ni Xfce hiyo hiyo. Hapa mezani nina kompyuta mpakato, na pembeni yake skrini ya pili iliyoungwa kwa kebo ya HDMI.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ukiifunga paneli kwenye skrini fulani, Xfce huhifadhi jina la skrini hiyo, kwa mfano HDMI-1. Siku jina hilo likikosekana, paneli haihamii skrini nyingine. Inafichwa. Programu inaendelea kufanya kazi na mipangilio yako yote ipo salama, ila paneli imekosa pa kukaa. Ndiyo maana unazima na kuwasha kompyuta mara nyingi na hakuna kinachobadilika.

Na jina hubadilika au hukosekana kwa mambo madogo sana. Umechomoa kebo ukaichomeka tundu lingine. Umeacha HDMI ukahamia DisplayPort. Umeweka draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, ambayo huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo skrini iliyokuwa HDMI-1 sasa inaitwa HDMI-0. Au umeme umekatika: mpakato umebaki na betri, skrini ya pembeni imezima, na paneli iliyofungwa huko imeondoka nayo.

Sasa tuanze. Bonyeza Alt na F2 kwa pamoja. Njia hii inafanya kazi hata kama huna paneli wala menyu. Kwenye kisanduku kinachotokea andika xfce4-terminal, kisha Enter. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ikifunguka, andika:

xrandr --listmonitors

Simamisha video kidogo usome majibu yako mwenyewe, kwa sababu majina yako yanaweza kutofautiana na yangu. Kila mstari ni skrini moja inayotumika. Kwangu kuna eDP-1, ambayo ni skrini ya mpakato wenyewe, na HDMI-1. Ile yenye kinyota mbele ya jina ndiyo skrini kuu. Kama skrini yako ya pili haimo kabisa kwenye orodha, usihangaike na paneli bado. Kagua kebo, kagua kama skrini ina umeme, kisha fungua mipangilio ya Display uone kama imezimwa humo.

Skrini zote mbili zikiwepo, andika:

xfce4-panel --preferences

Hili ni dirisha la mipangilio ya paneli. Juu kuna orodha ya paneli. Kama unazo mbili, hakikisha umechagua ile iliyopotea. Kisha tafuta palipoandikwa Output, yaani skrini ambayo paneli inakaa. Kompyuta ikitambua skrini moja tu, sehemu hii inaweza isionekane, kwa hiyo usishangae ukiikosa siku ambayo kebo haijachomekwa. Ukiona imeandikwa jina ambalo halimo kwenye orodha yako ya xrandr, umeshampata mchawi. Badilisha, chagua Primary, yaani skrini kuu. Paneli inarudi papo hapo.

Nasisitiza Primary, msichague jina la skrini. Jina hubadilika, lakini skrini kuu ipo kila wakati hata ukibaki na moja tu. Kwa anayebeba mpakato kutoka nyumbani kwenda ofisini, hili ndilo chaguo litakalompa amani.

Inabaki kuamua skrini kuu ni ipi. Fungua Display, bofya skrini unayotaka, weka alama kwenye Primary Display, halafu Apply. Utaulizwa kama unataka kubaki na mpangilio huo. Thibitisha haraka, la sivyo unarudishwa ulikotoka.

Kuna wakati dirisha lile la mipangilio linakataa kufunguka. Hapo tunatumia terminali:

xfconf-query -c xfce4-panel -lv | grep output-name

Itakuonyesha kila paneli na jina la skrini iliyofungwa. Kama tatizo liko panel-1, andika:

xfconf-query -c xfce4-panel -p /panels/panel-1/output-name -s Primary

Kisha iwashe upya paneli kwa xfce4-panel -r. Angalia herufi kubwa P kwenye Primary. Ni lazima iwe hivyo.

Utakutana na watu wanaokushauri ufute folda nzima ya xfce4 iliyo ndani ya .config. Tafadhali usifanye. Humo mna njia zako za mkato za kibodi, picha ya ukutani, mipangilio ya madirisha na mengine mengi. Unapoteza kazi ya miezi kwa sababu ya mstari mmoja wenye jina la skrini.

Mambo mawili mengine huwasumbua wengi. Paneli ikijitandaza kwenye skrini zote mbili, saa ikaenda mbali na macho yako, rudi kwenye mipangilio ile ile uondoe alama ya Span monitors. Na ukiweka paneli ya wima kwenye ukingo ambapo skrini mbili zinakutana, madirisha yaliyopanuliwa hayataiachia nafasi, kwa sababu Xfce hutenga nafasi kwenye kingo za nje tu. Ihamishie ukingo wa nje: ondoa alama ya Lock panel, ishike kwenye vishikio vya mwisho wake, iburute.

Paneli ikishakaa unavyotaka, fungua programu ya Panel Profiles, hifadhi mpangilio huu, uupe jina, halafu tumia kitufe cha kusafirisha uweke nakala kwenye flashi.