Kitenzi "get" na jirani yake wa kulia

Ndugu wasikilizaji, leo nina neno moja la herufi tatu: "get". Wengi wetu tulifundishwa kuwa ni "pata", tukaridhika. Kisha tukakutana na "get tired", tukajiuliza mtu anapataje uchovu kana kwamba kaufuata sokoni.

Tatizo ni kulitazama neno likiwa peke yake. Anayeamua maana ni jirani yake wa kulia. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga miayo, na hakuna anayeumia.

Likifuatwa na nomino, kazi ni nyepesi: "get a letter", kupokea barua, "get me a chair", niletee kiti. Napita.

Utamu uko kwenye kivumishi. "Get tired", "get drunk", "get old": hapo msihangaike kuitafsiri "get". Kiswahili kimekwisha kuimeza ndani ya kitenzi: choka, lewa, zeeka. Tazameni pia: "he is drunk" ni amelewa, "he is getting drunk" ni analewa, pombe ndiyo kwanza inampanda. Tofauti tunayoibeba kwa -me- na -na-, Mwingereza anaibeba kwa kubadilisha kitenzi kizima. Ukilishika hili, nusu ya "get" umeimaliza.

Halafu kuna kutendwa. "He was arrested" na "he got arrested" zote ni alikamatwa. Ya pili ni ya barazani, na mara nyingi ina harufu ya mkosi, au ya mtu aliyejitakia. Kwenye ripoti rasmi andika ya kwanza.

"Get him to sign" nayo ni kumbembeleza mtu mpaka asaini. Ukisema "make him sign", umemlazimisha. Msizichanganye mbele ya mwanasheria!

Mtu ameniuliza kuhusu "gotten", umbo la "get" linalokuja baada ya "have", kama ni kosa. Si kosa. Neno "get" lenyewe lilifika Uingereza na Waskandinavia, waliosema "geta". Marekani "I've got a car" ni ninalo gari, na "I've gotten a car" ni nimelipata. Waingereza wengi wameiacha "gotten", na wapo wanaoicheka. Hao hao kila siku husema "forgotten", wala hawashtuki.