Waliofunga Milango ya Bahari: Historia ya Vikosi vya Kujitolea vya Zimamoto katika Vijiji vya Sanriku

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mada yangu jioni hii ni historia ya vikosi vya kujitolea vya zimamoto katika vijiji vya wavuvi vya Sanriku, pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, ambako milima huteremka mpaka baharini na nyumba zimebanana kwenye vighuba vyembamba. Nimeichagua pwani hiyo kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi jinsi jamii inavyoweza kumtwika mtu wa kujitolea jukumu moja baada ya jingine, kwa nia njema kabisa, mpaka jukumu la mwisho likamgharimu uhai wake.

Kikosi cha namna hiyo huitwa shobodan. Watu wake ni wavuvi, wenye maduka, maseremala na watumishi wa halmashauri, ambao hulipwa posho ndogo kwa mwaka na ambao, king'ora kinapolia, huacha shughuli zao, huvaa koti la kikosi na kukimbilia kibanda cha pampu. Wazimamoto wa kuajiriwa wapo, lakini ni wachache, na mara nyingi kituo chao kiko mbali na kijiji, ng'ambo ya mlima.

Asili ya vikosi hivi ni mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Moto mkubwa wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000. Na katika zama za shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune, mnamo 1720, makundi ya wenyeji yalipangwa kwa mitaa ili yapambane na moto, kila kundi likiwa na bendera yake. Kazi yao kubwa ilikuwa kubomoa nyumba zilizokuwa mbele ya moto ili ukose cha kula, ndiyo maana mafundi wa ujenzi walitangulizwa. Mwaka 1894 serikali iliviweka vikosi vya nchi nzima chini ya polisi. Mwaka 1939 vikaingizwa katika ulinzi wa raia dhidi ya mashambulizi ya anga. Na baada ya vita, mwaka 1947, vikarudishwa mikononi mwa halmashauri za miji na vijiji, vikiwa na jina vilivyo nalo hadi sasa.

Chombo kikuu cha kikosi cha kijijini ni pampu ndogo ya kubebeka. Watu wachache huishusha garini, mmoja hutumbukiza bomba la kunyonya mtoni au baharini, mwingine huwasha injini, na mwingine hukimbia akikunjua mpira kuelekea kwenye moto, huku akipiga kelele maji yafunguliwe. Mazoezi hayo hufanywa jioni baada ya kazi au alfajiri kabla ya kazi, na hushindaniwa kati ya vikosi kwa saa ya kupima sekunde. Nalieleza hili kwa sababu nidhamu hiyo ya kutotoka mahali ulipopangiwa mpaka kazi iishe ndiyo iliyowafanya watu hawa waaminiwe, na ndiyo hiyo hiyo waliyokwenda nayo mbele ya bahari.

Bahari iliingiaje katika kazi ya zimamoto? Tsunami ya Juni 1896 iliua watu wapatao 22,000 katika pwani ile, na ya Machi 1933 ikaacha zaidi ya 3,000 wakiwa wamekufa au hawaonekani. Kisha, Mei 1960, tetemeko la Chile lilituma mawimbi yaliyovuka Pasifiki yote na kuua watu wapatao 140 nchini Japani. Baada ya hapo kuta za bahari zilijengwa kwa wingi kando ya pwani hiyo. Lakini ukuta uliotenganisha kijiji na bandari yake ulihitaji milango ya chuma ambayo ilibaki wazi kila siku ili wavuvi wafike kwenye mashua zao, na palipotokea tetemeko lazima mtu aifunge. Aliyekuwa karibu, mwenye nidhamu na asiyehitaji mshahara, alikuwa mwanakikosi. Halmashauri ziliwakabidhi funguo, nao wakazipokea.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 9.0. Wanavikosi wakaenda kwenye milango yao kama walivyofundishwa. Tahadhari ya kwanza ilitaja wimbi la mita 3 kwa mkoa wa Iwate. Makadirio yalipopandishwa, umeme ulikuwa umekatika na wengi walio nje hawakuyasikia. Mlango nao haufungiki tu kwa kuwa mwenye ufunguo amefika: kuna magari yanayotoka bandarini na mtu anayesema baba yake bado yuko upande wa pili. Kwa kila mmoja husubiriwa kidogo. Wengine, baada ya kufunga, walirudi kuwabeba wazee wasioweza kutembea. Katika mji wa Otsuchi, ambako king'ora kilinyamaza, mwanakikosi mmoja aliendelea kupiga kengele ya zamani kwa mkono mpaka maji yakamchukua.

Katika mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima wanavikosi 254 walikufa au hawakuonekana tena, wengi wao wakiwa kazini. Sikubaliani na wanaolisimulia jambo hili kama hadithi ya ushujaa peke yake. Ushujaa ulikuwepo, nami nauinamia. Lakini hawa walikuwa watu waliopewa kazi bila redio za kutosha na, katika sehemu nyingi, bila amri iliyosema ni wakati gani waache kila kitu wakimbilie juu.

Kijiji cha Fudai, mkoani Iwate, kiliponea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya lango la mtoni lenye kimo cha mita 15.5, lililokamilika mwaka 1984 kwa ung'ang'anizi wa mwenyekiti wa kijiji, Kotoku Wamura, huku wengi wakililalamikia kuwa ni kubwa kupita kiasi. Hata hapo sehemu ya lango iligoma, ikabidi mtu aende kuifunga kwa mkono.

Baada ya msiba ule, mkoa wa Iwate uliweka mitambo ya kufunga malango kwa ishara ya setilaiti bila mtu kuyakaribia, na vikosi vikajiwekea kanuni za muda: dakika zilizopangwa zikifika, mwanakikosi anaondoka hata kama kazi haijaisha. Kanuni hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa maana yule mzee aliyebaki ndani ni jirani yake. Sheria ya Desemba 2013 ilitamka kwamba vikosi hivi havina mbadala, na tangu 2022 kiwango cha posho kinachopendekezwa na serikali ni yeni 36,500 kwa mwaka, zilipwe moja kwa moja kwa mwanakikosi mwenyewe. Hata hivyo waliokuwa zaidi ya milioni mbili nchini kote katika miaka ya 1950 sasa hawafiki 800,000, na vijana wa Sanriku wanaendelea kuhamia Sendai na Tokyo, wakiwaachia pampu baba zao.