Barafu, Figo na Mgonjwa Asiyeulizwa

Assalaam alaykum wazee wangu, ndugu zangu wa Chake Chake.

Kijana mmoja kaniuliza: "Maalim, ni kweli Marekani watu wakifa wanagandishwa, waje wafufuliwe?" Kugandishwa ni kweli. Wa kwanza alikuwa James Bedford, profesa wa saikolojia, aliyefariki kwa saratani tarehe 12 Januari 1967. Mwili wake ungaliko Arizona, ndani ya tangi la naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuamshwa, hajaamshwa yeye wala mwengine yeyote.

Kinamama wanaopika pweza sababu wanaijua. Pweza aliyelala kwenye friji ya barafu hataki kupigwa sana, keshalainika. Maji ya mwilini yakiganda huwa fuwele, zikaichanachana nyama kwa ndani. Basi wenzetu huitoa damu, wakatia dawa zinazoufanya mwili ugande kama kioo, pasiwe na fuwele. Lakini dawa zenyewe ni sumu, na kiungo kikubwa kikipashwa moto upande mmoja kabla ya mwengine hupasuka.

Hapa ndipo ninapowaomba mfuatilie utafiti. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walihifadhi figo za panya hivyo hivyo, hadi siku 100. Walitia chembe ndogo mno za chuma ndani ya mishipa, wakazipasha kwa sumaku ili joto lienee pote kwa pamoja, kisha wakawapandikizia panya wasio na figo. Zikafanya kazi! Mimi niliisoma habari ile mara mbili, maana nawafikiria jamaa zetu wanaoishi kwa mashine ya kusafisha damu. Figo ya panya bado si figo ya mtu, sembuse mtu mzima. Ila ni njia ya kweli, na inasogea.

Bedford lakini aliamua mwenyewe, angali hai. Sisi maiti wetu tunamwosha, tunamsalia, tunamzika mapema, na hilo sitaki libadilike. Ninalolia nalo ni la kabla ya hapo.

Baba yangu aliumwa ini. Daktari alishatwambia hakuna dawa ya kuponya, iliyobaki ni ya kutuliza maumivu. Sisi watoto tukakaa ukumbini tukaamua: Unguja, kisha Dar. Yeye yumo chumbani, anatusikia. Tukampakia melini pale Mkoani, na hakuna aliyemuuliza. Siku tatu kabla hajafa alinishika mkono: "Mwanangu, karafuu zishaanza kuanikwa kule, na mimi nipo huku natazama dari. Mbona hamkuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Sinalo mpaka leo.

Haya, karibuni kwa maswali. Mwenye mgonjwa nyumbani naomba aanze yeye.