Kituo cha anga kinapita saa ngapi?

AIKA: Loma, wiki hii nimegongewa geti usiku wa manane kwa ajili ya setilaiti.

LOMAYANI: Subiri niwakaribishe watu kwanza. Karibuni jamani, leo tuko kwangu Ngaramtoni, Aika amekuja toka Moshi. Tuliahidi kuwatajia sehemu za mtandaoni za kumsaidia mtu anayependa nyota. Nimeandika tano hapa kwenye daftari. Haya, geti.

AIKA: Ilikuwa Jumatano. Nimeshalala, nasikia hodi, hodi. Natoka na tochi, namkuta yule mzee jirani yangu wa Rau, yule niliyewasimulia siku ya kupatwa kwa mwezi. Kajifunika blanketi juu ya sweta, chupa ya chai kwapani, wajukuu wawili nyuma yake. Nikamwambia, shikamoo baba, kuna usalama? Ananijibu, marahaba mwanangu, usalama upo, ila mbona hakipiti?

LOMAYANI: Nini hakipiti?

AIKA: Kituo cha anga. Anasema wametangaza kinapita saa saba na dakika arobaini na nane usiku.

LOMAYANI: Saa saba usiku!

AIKA: Nikaomba simu yake nisome. Kwenye grupu la mtaa mtu ameandika hivi: "Leo Kituo cha Anga cha Kimataifa kitapita juu ya Moshi saa 7:48 usiku, tokeni nje muone." Nikaelewa palepale. Simu yake ilimwonyesha 7:48 PM, akazinakili namba zilivyo, akaongeza neno usiku.

LOMAYANI: Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na nane.

AIKA: Watu wako mezani wanakula ugali, kitu kinapita juu ya bati. Na wale watoto wamekaa macho mpaka saa saba, Loma. Wamekaa kwenye mkeka uani, baridi ya mwezi huu unaijua.

LOMAYANI: Inauma, maana siku hiyo kilipita vizuri sana. Nilikuwa hapo nje, karibu na migomba. Kilitokea kusini-magharibi, upande wa Kisongo, nuru moja nyeupe iliyotulia. Haipepesi, haina taa nyekundu na kijani kama ndege zinazoshuka KIA. Kikapanda mpaka kikawa king'avu kuliko Mshtarii. Kikageukia upande wa Meru, na kikiwa bado juu sana, kikawa chekundu kidogo, kikafifia, kikapotea. Wingu hakuna.

AIKA: Hapo ndipo watu wanaposema kimeanguka.

LOMAYANI: Kimeingia kwenye kivuli cha dunia, basi. Kile hakitumulikii taa, tunachokiona ni jua likipiga mwili wake na zile paneli zake. Kiko kama kilomita 400 juu, na kule bado kuna jua wakati huku kwetu giza limeshaingia. Kikifika penye kivuli, kwetu kinazimika. Na hapa naomba wasikilizaji wanisikilize vizuri: kinazunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo saa saba usiku kinaweza kupita juu yetu kabisa, ila wakati huo kiko gizani kama sisi. Huku kwetu, karibu na ikweta, kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Mtu akikutangazia saa saba usiku, ujue namba zimechanganywa.

AIKA: Sasa mzee wa chupa ya chai angeyajulia wapi hayo?

LOMAYANI: Tovuti ya Heavens-Above. Ndiyo namba moja kwenye daftari langu. Unafungua, unaiwekea mahali ulipo, inakupa orodha ya siku kumi mbele. Kila mstari una saa ya kuanza kuonekana, saa ya kufika juu kabisa, saa ya kupotea, na upande gani wa anga. Ukibonyeza tarehe unapata ramani ya anga yenye mstari wa njia yake. Usipoiwekea mahali, inakuhesabia latitudo sifuri, longitudo sifuri. Hapo ni baharini, Ghuba ya Guinea. Utasubiri Moshi kitu cha samaki wa Guinea.

AIKA: Na saa inayokupa ni ya namna gani? Maana hapo ndipo penye kesi yetu.

LOMAYANI: Ukishaweka Arusha au Moshi inakupa saa za Afrika Mashariki, mtindo wa saa 24. Ile ya Jumatano ni 19:48.

AIKA: Na wanaastronomia wenyewe wanaandika kwa UTC, ile saa ya kimataifa. Majedwali ya kupatwa kwa jua lile la tarehe 2 Agosti 2027, litakalofunika Luxor kule Misri zaidi ya dakika sita, yako kwa UTC. Mtu wa hapa anaanza kuhesabu: ongeza tatu upate saa ya Afrika Mashariki, toa sita upate saa ya Kiswahili.

LOMAYANI: Yaani kwa jumla unatoa tatu.

AIKA: Toa tatu tu! UTC 16:48, toa tatu, 13:48. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Saa moja na dakika arobaini na nane. Ukipata sifuri ni saa kumi na mbili.

LOMAYANI: Hiyo nzuri. UTC 03:00 inakuwa sifuri, saa kumi na mbili asubuhi. Kweli kabisa. Kwa nini hatukufundishwa hivi shuleni?

AIKA: Ndiyo maana napendekeza hivi, na nilikuwa nakusubiri tuwe hewani. Kuanzia wiki ijayo tutume saa sisi wenyewe. Kila Jumatatu, ujumbe mmoja: kitapita siku fulani, saa moja na dakika arobaini na nane usiku, tazama kusini-magharibi. Kwa maneno, hakuna namba za kunakili vibaya.

LOMAYANI: Mimi hapana.

AIKA: Hapana nini?

LOMAYANI: Sitaki tuwe watu wa kutuma saa. Aliyeandika kwenye grupu la mtaa wenu naye alitaka kusaidia. Ujumbe wetu utasambazwa mpaka Mwanza, na Mwanza kinaweza kupita mahali pengine angani, au dakika nyingine. Watatoka, hawatakiona, watasema ni uongo.

AIKA: Tutaandika Moshi na Arusha tu.

LOMAYANI: Ukisambazwa mara ya pili, sentensi hiyo imeshakatwa. Magrupu unayajua.

AIKA: Kaka, yule mzee anaweka bando la siku. Unamwambia afungue tovuti ya Kiingereza yenye jedwali, kuna "Mag", kuna "Alt", kuna "Az". Aanze kusoma azimuthi na miaka yake sabini?

LOMAYANI: Wajukuu wale wako darasa la ngapi?

AIKA: Mmoja la sita, mwingine kidato cha pili.

LOMAYANI: Kidato cha pili anajua latitudo. "Alt" ni kimo kwa nyuzi: nyoosha mkono, kunja ngumi, ngumi moja ni kama nyuzi kumi. Ngumi tisa umefika utosini. "Az", hiyo azimuthi, ni upande wa kutazama. "Mag" ni mng'ao, na namba ikiwa na alama ya kutoa ndiyo kinang'aa zaidi. Nimemaliza kufundisha, sijatumia hata dakika moja.

AIKA: Umenifundisha mimi, nimekaa mbele yako. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete kule Rujewa, Mbeya, unadhani waliofika walikokotoa? Waliambiwa siku, wakaambiwa mahali, wakaenda. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa akiwaeleza Watanzania mambo ya anga miaka na miaka, hakuwahi kumdai mtu ajue azimuthi kwanza ndipo atazame juu.

LOMAYANI: Dk. Jiwaji anaeleza sababu, Aika. Hatoi saa peke yake. Mimi nataka mtu awe na sababu mkononi. Chukua Galaxy Zoo, mradi wa mtandaoni, ilikuwa namba tatu kwenye daftari. Ilianza 2007, watu wa kawaida wanaangalia picha za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, na kusema hii ina mikono, hii ni duara. Mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona kitu cha ajabu karibu na galaksi moja, akauliza, hiki nini? Wataalamu hawakuwa na jibu. Kilikuwa wingu kubwa la gesi, likapewa jina lake, na baadaye darubini ya Hubble ikalipiga picha. Aliona kwa sababu alizoea kuangalia mwenyewe.

AIKA: Alikuwa na intaneti nyumbani na jioni za kukaa. Na si kila anayetazama juu anataka kugundua. Yule mzee alitaka kuwaonyesha wajukuu kitu chenye watu ndani kikipita juu ya nyumba yao. Kina watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Mtoto kuona hicho na babu yake, mimi nakihesabu kuwa ni elimu ya anga iliyokamilika.

LOMAYANI: Na mimi nakwambia babu huyo angekuwa na sababu, asingewaweka watoto kwenye baridi mpaka saa saba.

AIKA: Angekuwa na saa ya Kiswahili, asingewaweka pia.

LOMAYANI: Mara hii. Mara nyingine je?

AIKA: Mara nyingine tunamtumia tena. Ndiyo kazi yetu, Loma. Kwani tunashika kipaza sauti ili iweje?

LOMAYANI: Ili asituhitaji.

AIKA: Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

LOMAYANI: Najua.

AIKA: Mimi nitatuma. Kwa namba yangu, si ya kipindi.

LOMAYANI: Tuma. Ila jina la kipindi usiweke.

AIKA: Sawa, sitaweka.

LOMAYANI: Muda umebaki kiasi gani?

AIKA: Dakika tatu. Na daftari lako bado lina namba mbili, nne na tano.

LOMAYANI: Mbili ni Stellarium. Programu ya bure, unaiweka kwenye kompyuta mara moja, baada ya hapo hata bila bando inakuonyesha anga la usiku wowote. Muhimu ni kuiwekea Moshi. Huku utaona anga karibu lote, la kaskazini na la kusini, ambalo mtu wa Uingereza halioni. Ina rangi nyekundu ya usiku, iwashe, maana macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe wa skrini unaharibu yote. Sasa jinsi ya kutafuta Zohali, unaenda pale pembeni...

AIKA: Hiyo ya Zohali haiingii, Loma, dakika zimekwisha.

LOMAYANI: Nne basi, ile picha ya anga ya kila siku ya NASA, iliyoanza Juni 1995...

AIKA: Nne na tano wiki ijayo. Mimi nina Coaster ya kuwahi.

LOMAYANI: Haya, kwaherini jamani. Aika, nakusindikiza mpaka barabarani, zima hiyo.