Sindano ya mafua kwa kadi ya bima ya skuli: ANGALIA JINA KWANZA!

Asalaam alaykum jamani, ni miye mwalimu wenu mshona abaya, leo cherehani nimeifunika, nataka niwaonyeshe walimu wenzangu vipi unachomwa sindano ya mafua kwa bima ya skuli bila kutoa hata shilingi.

Muulize mhasibu wa skuli kama bima yenu inalipa chanjo, maana nyengine zinalipa ukishaugua tu. Akikwambia inalipa, ipigie simu hospitali yenu uulize kama sindano ipo, si wote wanaiweka, huku wengi tumeijua kwa jamaa wanaokwenda Hija. Haya, hapo pamekwisha.

Sasa hapa. Hapa jamani tulieni. Toa kadi ya bima, toa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, viweke sambamba hivi, usome jina herufi moja moja. Mwaka jana kitambulisho changu Khamis, kadi yangu Hamis, ile K imeliwa na aliyechapa! Nimepanda daladala kutoka Fuoni mpaka mjini, foleni saa mbili, nafika dirishani naambiwa huyu si wewe. Kwa K moja! Kipupwe kikanikuta sijachanjwa, wiki nzima nafundisha kwa ubao, sauti hamna, darasa la nne wakafurahi kweli. Kwa hiyo nyie kina Khadija, kina Kheri, kina Khalfan, angalieni, halafu angalieni tena. Ikikosewa irudishe kwa mhasibu, usiende nayo hospitali ukasema watanielewa, hawakuelewi.

Ngoja... kadi iko wapi? We mwana! Toa mdomoni hiyo!

Haya, imepona, K ipo. Tuendelee.

Tushafika hospitali, muuguzi kanipa ruhusa nirikodi ila sura yake nisitoe. Kama una homa kali siku hiyo mwambie, utarudi siku nyengine, na kama chanjo ilishawahi kukudhuru useme kabla. Inachomwa hapa juu karibu na bega, ndo maana nawaambia mikono ya kubana haifai, hii yangu ina vifungo mpaka juu, nashona mwenyewe, anayetaka aniandikie. Mie natoa wa kushoto, wa kulia wa chaki. Ulegeze mkono, usiukaze... bismillahi... aa, basi? Ushaisha.

Unakaa robo saa wakuangalie. Mkono utauma siku moja mbili, ila sindano yenyewe haikupi mafua, kirusi kilichomo kishauliwa. Kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo usingoje mpaka skuli nzima inapiga chafya. Na mwakani unarudi, virusi vinabadilika na kinga nayo inapungua.

Kabla ya kutia saini fomu ya bima, soma jina tena. Naam, tena! K.

Haya mie bado nimekaa, zimebaki dakika sita, na huyu muuguzi kashaniuliza abaya hii shilingi ngapi, nizime simu kwanza nimpime.