Sekunde Moja ya Boston

BARAKA: Karibuni tena. Jumanne nilifanya zoezi la mteremko na mpaka leo nikishuka ngazi mapaja yanalia. Ndiyo maana nikasema tuzungumzie Boston, kule Marekani, marathoni ya kila mwaka yenye umri mkubwa kuliko zote, tangu 1897. Tuanze na historia, halafu mafunzo matatu kwa anayejiandaa.

NEEMA: Pole, kaka. Ila fafanua kwanza hayo mapaja, maana watu wanadhani kushuka ni kupumzika.

BARAKA: Pumzi inapumzika, ni kweli. Kazi inahamia misuli ya mbele ya paja. Kila mguu unapotua, misuli ile inajikaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu yanapamba moto siku ya pili au ya tatu. Sasa Boston inaanzia Hopkinton, kama mita 150 juu ya usawa wa bahari, na inaishia mjini, karibu kabisa na usawa wa bahari. Maili ya kwanza peke yake inashuka kama mita 40. Mtu bado ana nguvu, watu wanashangilia, kasi inakuja yenyewe. Deni analilipa mji wa Newton, kwenye vilima vinne vinavyoanza kilomita ya 26.

NEEMA: Cha mwisho ni Heartbreak Hill. Kwa kimo si cha kutisha, kinapanda mita 27 tu kwa umbali wa mita 600 hivi. Shida ni mahali kilipo: kilomita ya 32 na kitu, wakati akiba ya wanga mwilini inakwisha na mapaja yameshachoka. Na ukikimaliza unashuka tena! Hapo ndipo misuli inapokaza.

BARAKA: Kwa hiyo kanuni ni moja. Kilomita sita za kwanza, jizuie.

NEEMA: Nilijua tutafika huku. Mwambie hivyo Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa Tanzania.

BARAKA: Dada, umeanza.

NEEMA: Lazima nianze! Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya anashinda kwa saa 2:08:43, Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa wetu, 2:08:44. Sekunde moja! Kwa kasi ile sekunde ni mita tano na nusu. Hussein alimpita mwishoni kabisa, pale Boylston Street.

BARAKA: Na hiyo sekunde aliipoteza njiani, kwa kukaa mbele. Anayeongoza anaukata upepo kwa ajili ya wenzake. Halafu kwenye mteremko hana wa kumpunguza kasi, miguu inajiendea tu. Anayemfuata ametulia nyuma ya bega lake, anatunza mapaja. Hussein alifika Boylston akiwa na gia ya mwisho.

NEEMA: Ikangaa hakuwa mtu wa kuvizia. Mtu asiye na mbio kali za mwisho akisubiri mpaka mita 200 za mwisho, amekwisha. Inabidi awachoshe wenzake mapema, na vilima vya Newton ndio mahali penyewe. Angejificha nyuma, angeshindwa kwa sekunde kumi badala ya moja.

BARAKA: Mbona 1989 alikuwa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen? Na 1990 wa pili, nyuma ya Gelindo Bordin, bingwa wa Olimpiki. Miaka mitatu, washindi watatu tofauti. Njia ileile inakupa jibu lilelile.

NEEMA: Washindi watatu tofauti, lakini wa pili ni yuleyule! Nani mwingine alirudi kila mwaka akiwa na miguu hiyo? Na Novemba 1989 akashinda New York kwa 2:08:01, kwa moyo uleule wa kukimbia mbele.

BARAKA: New York haikuangushi mita 40 kwenye maili ya kwanza. Ndiyo hoja yangu yote.

NEEMA: Na hoja yangu ni kwamba ungemzuia, usingekuwa na Ikangaa.

BARAKA: Sikubali.

NEEMA: Sijakuomba ukubali. Lile zoezi lako linafanywaje? Msikilizaji asiondoke mikono mitupu.

BARAKA: Tafuta mteremko wa asilimia tatu au nne, wa lami. Mara ya kwanza, vipande vinne vya mita 400, kwa kasi unayotaka siku ya mbio, na unapanda ukitembea. Hatua fupi, za haraka, usitue na kisigino mbali mbele ya mwili. Rudia baada ya siku kumi mpaka kumi na nne, ukiongeza kipande kimoja au viwili. Misuli ikishaumia mara moja, mara ya pili haiumii sana kama mwanzo, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Zoezi la mwisho liwe wiki tatu kabla ya mbio, si wiki moja.

NEEMA: Na yale mafunzo matatu? Fundi ananionyesha dakika moja.

BARAKA: Muda hautoshi. Tulitaka pia kueleza kwa nini 2:03:02 ya Geoffrey Mutai wa Kenya pale Boston mwaka 2011 haikuwa rekodi ya dunia. Kwa kifupi, njia inashuka zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, ambayo ni kikomo cha rekodi, na mwanzo na mwisho wake viko mbali mno.

NEEMA: Kama mteremko unaharibu mapaja kiasi hicho, kwa nini wamnyime rekodi?

BARAKA: Neema, zimebaki sekunde ishirini.

NEEMA: Nijibu kwa hizo ishirini.

BARAKA: Wiki ijayo.