Kitwitwi wa Ndere ni Mgeni wa Nani?

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokosa viti, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Ananijua, kwa hiyo ameshika saa mkononi.

Oktoba iliyopita tulipanda boti hapa Dunga, Kisumu, alfajiri, tukaelekea kisiwa cha Ndere katika Ziwa Victoria. Kurauka kwenyewe si ushujaa. Asubuhi ziwa letu huwa limelala. Nchi kavu ikishapata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka majini, mawimbi yanainuka, na mwenye boti haoni tena sababu ya kukungoja. Njiani gugumaji lilinasa injini mara mbili. Kijana wa boti alilikata kwa kisu huku akilisemesha kwa Kijaluo. Sitatafsiri.

Ndere ni kilomita za mraba 4.2 tu, hifadhi ya taifa tangu 1986. Wenzangu walishuka wakawafuata swala pala na kiboko. Mimi magoti yananisumbua, nikabaki ufuoni juu ya jiwe, na hapo ndipo nilipompata kitwitwi, ndege mdogo wa ufuoni.

Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe huo unapanda kama ulimi mbele ya bega. Huo ulimi mshike, ndio utakaomtambulisha. Mkia hautulii: juu, chini, juu, chini, kama karani anayekubali kila neno la bosi. Anadonoa mdudu kwenye matope, anatikisa. Anasimama kufikiri, anatikisa. Nilimkaribia hatua tatu, akaruka chini chini juu ya maji, mabawa yakipiga kwa vishindo vifupi, akatua jiwe la pili. Akatikisa.

Tangu utotoni nilimhesabu kuwa mwenyeji. Kumbe kwao ni Ulaya na Asia, huko ndiko anakotagia mayai. Kwetu anakuja kukimbia baridi, na kufikia Aprili au Mei wengi wao wameshaondoka.

Juu yangu mbayuwayu walikuwa wakila sam, wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kutuingia hadi kwenye chai. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani vijiko vitano vya sukari, na amevuka Sahara. Mnaguna? Hata wazungu waliguna. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 ndege yuleyule akapatikana Natal, Afrika Kusini, pete bado mguuni. Ubishi ukaishia hapo.

Wenzangu walirudi wakitoka jasho, na picha za makalio ya swala. Waliniuliza nimeona nini. Nikawaonyesha kitwitwi. Mmoja akasema, "Mzee, si huyu tunaye pale Dunga kila siku?"

Tunaye, ndiyo. Hata leo asubuhi nimempita hapo nje, kando ya wanawake wanaoanika omena.

Haya, maswali. Kama ni la mamba, sikumwona.